Ini la Bunju

Mume wangu aliuliwa na ubishi. Naandika hivyo mapema kwa sababu mtaani kwetu Kiwalani wana maneno yao. Kuna wanaosema ajali, kuna wanaosema kadari ya Mungu, na wapo ambao mpaka leo wanasema "samaki wa mkewe". Mie shule niliishia darasa la sita, sina maneno ya kupamba. Majina sitataja, maana mengine ni ya marehemu na mengine yananichefua mdomoni. Lakini shemeji yangu akisoma hapa atajijua. Na wale wa kijiweni watajijua wote, mmoja mmoja, na vikombe vyao.

Shemeji ni mdogo wake marehemu, tumbo moja. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Mabibo, jirani na soko, na wateja wake wengi walikuwa wanafunzi wa hosteli. Huko ndiko alikookota ugonjwa wake. Simu ya mtu ikimaliza kutengenezwa, yeye yumo ndani anasoma mambo ya ajabu, kisha jioni anakuja nayo Kiwalani kwenye kijiwe cha kahawa kama mtu aliyetoka hija.

"Nyie mnajua pweza ana mioyo mitatu?"

Watu wanashika vichwa. Kesho yake anakuja na twiga, kwamba shingo yote ile ina mifupa saba tu, sawa na ya kwako. Keshokutwa vita. Vita vifupi kuliko vyote duniani, anasema, vilipiganwa hapo Unguja, Waingereza na watu wa sultani, hata saa haikutimia. Siku nyingine filamu: ile mvua unayoisikia kwenye filamu si mvua, ni mtu anakaanga kitu kwenye mafuta karibu na kipaza sauti. Hiyo marehemu aliipenda, akaja kunihadithia nikiwa jikoni na karai langu la samaki. Nikamwambia, "Basi mie nanyeshewa tangu uliponioa." Alicheka mpaka akakaa chini.

Mume wangu alimpenda mdogo wake. Aliona fahari. "Yule hakusoma, lakini kichwa chake maktaba." Mie niliona kichwa chake ni jalala, kila apitaye anatupa. Nikisema hivyo naambiwa nina wivu wa kishemeji.

Pale kijiweni walikuwa na mila yao. Mtu akileta jambo, wengine wanambishia mpaka mishipa inawatoka, na anayeshindwa ndiye anayewanunulia wote kahawa. Shemeji alikuwaga hanunui. Anachomoa simu, anawaonyesha, wanatukana, wanacheka, wananunua. Hakuwahi kushindwa, na mtu wa namna hiyo huyo ndiye wa kuogopwa. Aliyezoea kushindwa anajua njia ya kutokea.

Siku moja akaja na bunju.

Bunju ni yule samaki anayejijaza upepo akawa mpira, ana meno kama ya sungura. Sie watu wa pwani hatumli. Hata kumgusa hatutaki. Mama yangu, Mzaramo wa kule Mbwamaji, akimkuta kwenye wavu alikuwa anamfukia mchangani ili asimle hata paka. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tumezaliwa tunajua: bunju anaua.

Maneno yaliyosemwa kijiweni siku hiyo niliyapata baadaye, mambo yote yalipokwisha, kutoka kwa muuza kahawa mwenyewe, aliyeyasikia yote na deli lake la kahawa mkononi.

"Wajapani wanamla," shemeji akasema. "Tena kwenye sherehe zao kubwa. Mpishi wake anasomea, anapewa cheti."

"Acha kamba wewe!"

"Kamba nini? Hii hapa, soma mwenyewe."

"Hao Wajapani. Wewe wa Kiwalani umuweze bunju?"

"Sumu iko kwenye ngozi na matumbo, babu. Ukishamtoa vile, ni kuku wa baharini. Nyie mnatupa pesa kwa ushamba."

"Mle basi! Mle tukuone!"

Wakaanza kupiga benchi. Mle, mle, mle. Na shemeji, kwa mara ya kwanza, simu haikumsaidia. Wote waliona picha, wote wakasema picha si tumbo. Ndipo akatamka neno ambalo muuza kahawa alinirudishia nikamwomba alirudie tena:

"Nitawaletea mtu aliyemla na bado anatembea."

Hakusema nitamla. Alisema nitawaletea mtu. Na wale wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, walilisikia neno lile wakacheka, wakakubaliana kungoja. Kutoka kijiweni mpaka mlangoni kwangu unafika kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Hakuna aliyekuja.

Ilikuwa Jumatatu. Mie sikuwa nimetoka kukaanga, maana mkaa ulikuwa umelowa, na marehemu alikuwa nyumbani na homa ndogo ya mafua. Shemeji akaingia na ndoo ndogo ya plastiki, imefunikwa na jani la mgomba.

"Shikamoo shemeji." Ananizidi umri kidogo, lakini mie ni mke wa kaka yake, alikuwa akinipa heshima hiyo kwa utani.

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Samaki wa kaka. Mgonjwa anatakiwa mchuzi."

Nikafunua. Vipande vyeupe, vimeoshwa vikaoshwa, hakuna kichwa, hakuna ngozi, hakuna mkia. Nikavibonyeza. Nyama ngumu, inasukuma kidole kama ya kuku.

"Samaki gani huyu asiye na uso?"

"Wa kina kirefu huyo, shemeji. Wamevua watu wa meli. Wanawamenya hukohuko. Nyie wa karai mmezoea dagaa na vibua tu."

"Na hili ini?"

"Hilo ndilo lenyewe. Aliyenipa kaniambia ukilitupa umetupa samaki."

Ndege ikapita juu ya bati, tukanyamaza mpaka ikapita, kama kawaida ya kwetu karibu na uwanja wa ndege. Ilipomaliza kelele zake, mie nilikuwa nimeshaanza kukuna nazi.

Wapo wanaoniambia: wewe mkaanga samaki, ulishindwaje kumtambua? Hao wanaosema waje waninyooshee vipande vya nyama nyeupe bila ngozi wala kichwa waniambie ni nani. Sokoni Feri kunauzwa samaki wasio na vichwa kila siku. Na kaka akiletewa kitoweo na ndugu yake wa tumbo moja, mke ni nani wa kukikagua? Ningekikataa, ningekuwa mwanamke mchoyo anayefitinisha ndugu. Kwa hiyo nilipika. Nilipika vizuri. Bizari, ndimu, tui zito. Sijutii upishi wangu hata kidogo.

Kupakua, nikafanya kama nilivyofunzwa. Ini ni la mwenye nyumba. Iwe kuku, iwe mbuzi, iwe samaki, ini haliliwi na mwanamke mwenye mume wala na mtoto. Linawekwa juu ya wali wa baba. Nikaliweka.

"Shemeji, karibu," nikamwambia, maana alikuwa amekaa palepale mkekani anamtazama kaka yake.

"Nimefunga. Jumatatu ya sunna."

Mume wangu akamsifu. "Mwenyezi Mungu akukubalie, mdogo wangu." Akala. Akala ini kwanza, lote. Shemeji akamuuliza, "Tamu?" Marehemu akasema, "Kama siagi." Akauliza tena baadaye, "Unajisikiaje?" Na marehemu akajibu, "Nimeshiba, nijisikieje?" Mie nilikuwa nakula mabaki ya chunguni, nikadhani anaulizia mafua.

Ilianza midomoni. Kama umemenya korosho mbichi ukajipangusa mdomo. Nikalamba, ulimi hauna habari. Marehemu naye akawa anajigusa midomo anacheka, anasema leo mdomo wake umelala kabla yake. Kisha vidole. Kisha akataka kusimama kwenda kutapika, miguu ikamkatalia, akaanguka ubavu. Hakuwa anacheka tena. Alimtazama mdogo wake akasema, kwa sauti nzito kama ya mlevi, "Umenipa nini?"

Nilimwona shemeji uso wake. Hakuna aliyewahi kuniamini, lakini niliuona. Haukuwa uso wa mtu aliyeshangaa. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshindwa ubishi.

Akatoka mbio. Nikasema moyoni, kaenda kuita bajaji. Kumbe kaenda dukani kununua maziwa, maana simu imemwambia maziwa yanaua sumu. Ndugu yake anakufa, yeye anamnywesha maziwa ya pakiti, yanamtoka puani kwa kuwa koo halimezi. Aliyeita bajaji ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye siku zote tuligombania kamba ya kuanikia. Yule aliyenitendea wema ndiye niliyekuwa sisemi naye.

Hospitali nilifika sisogezi hata kope. Naomba mnielewe hapa. Sikuzimia. Mwili ulikuwa umekufa lakini mie nilikuwa mzima ndani yake, nasikia kila kitu, nasikia mpaka nzi. Walinifunua macho wakamulika tochi, nikaiona tochi. Nikasikia mtu akisema, "Huyu hayupo." Nikawa napiga kelele mie nipo, mie nipo, na hakuna kinachotoka.

Daktari, sauti yake ya kijana, akauliza, "Wamekula nini?"

Hapo ndipo shemeji alipomuua kaka yake mara ya pili.

"Sijui, dokta. Mie nimefunga. Huyu mwanamke anauza samaki, wakikosa mnunuzi wakalala anawapika nyumbani."

Niliisikia kwa masikio haya. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, bunju. Baadaye, nilipomtajia bunju, yule daktari aliniambia sumu ile haina dawa, lakini mtu anasaidiwa kuvuta pumzi mpaka impite, na kwamba wangejua mapema wangejaribu. Hakuniahidi kwamba angepona. Alisema wangejaribu. Shemeji hakuwapa hata hilo jaribio. Wakamtibu mume wangu kama mtu aliyekula samaki mbovu. Kitanda chake kilikuwa jirani na changu. Nilisikia pumzi zake zinavyokuwa ndefu, halafu chache, halafu nikawa nangojea moja na haikuja.

Shemeji akalia sana. Kilio cha kweli, hilo namwachia. Alipomaliza kulia akakaa kwenye benchi baina ya vitanda viwili, akapiga simu.

"Oya, wale jamaa waambie ile ishu mtu asifungue mdomo. Ule ulikuwa utani. Utani umeharibika, basi."

Kisha akaanza kusoma simu. Ana kawaida ya kusoma kwa kunong'ona, kama mtu anayevuta uradi. Nikamsikia anatafuta bunju. Anasoma sumu iko kwenye ini kuliko kote. Anasoma moto hauiondoi. Akaendelea: "Mgonjwa hushindwa kusogea na kusema... lakini mara nyingi akili hubaki timamu... husikia yote..."

Nikasikia benchi likilia, akainuka. Akaja mpaka nikasikia pumzi yake shavuni, inanuka kahawa. Mtu aliyefunga, magharibi haijaadhiniwa, inanuka kahawa.

"Shemeji," akasema pole pole. "Unanisikia?"

Ningekuwa na mkono ningemng'oa jicho.

"Kama unanisikia, nisamehe. Tulikuwa tunabishana tu."

Akaondoka. Kesho yake akamzika kaka yake mie nikiwa bado gogo, na pale makaburini, akipokea rambirambi, akawaambia watu waliomuuliza: samaki waliolala. Nadhani alipiga hesabu kwamba sitaamka. Niliamka. Kwanza kope, kisha kidole gumba, kisha kila kitu. Hilo ndilo kosa langu kubwa mbele ya ukoo ule, kwamba niliamka.

Nikatoka hospitali nikaingia eda. Mjane wa Kiislamu hatoki, hajipambi, hachanganyiki na wanaume, anakaa ndani mpaka miezi minne na siku kumi zake ziishe. Mie sikatai sheria ya Mungu. Lakini adui yangu alikuwa nje na mdomo, na mie ndani na pazia. Jina langu likawa linaburuzwa Kiwalani mpaka Temeke nami nimeketi nasikiliza kupitia dirishani. Wanawake walikuja kunipa pole wakiwa wamebeba maji yao ya chupa. Nikiwatengea uji, wanasema wameshakunywa. Mama mkwe alihamia kwangu, mzee wa watu, akawa anajipikia kwenye sufuria yake, anaifunika, anaipeleka chumbani.

"Mama, hata chai yangu?"

"Tumbo langu siku hizi halitaki vitu vingi, mwanangu."

Nikajua eda ikiisha sitauza samaki hata mmoja. Kazi yangu ni moja tu, watu wale kutoka mkononi mwangu. Asiyeaminiwa mkono, hata awe na karai la dhahabu, atakaanga na kula mwenyewe. Nikamweleza mama mkwe yote niliyoyasikia. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa anasikia mengi." Nikataka kwenda mbele ya sheria, wajomba wakaja wakakaa barazani wakasema ya nyumbani yasitoke, na kwamba shahidi ni mie peke yangu, niliyekuwa mahututi.

Basi nikangoja arobaini.

Siku ya arobaini ya marehemu likafungwa turubai uani, wanaume wakaja kusoma hitima, kijiwe chote kikaja, na muuza kahawa akaletwa na deli lake awahudumie. Mie nikaingia jikoni tangu asubuhi. "Wapishi wapo," mama mkwe akasema. Nikamwambia arobaini ya mume wangu napika mie. Nikakaanga samaki, changu watupu. Wazima, na vichwa vyao, na macho yao, kila mtu amjue anayemla. Masinia yakatoka. Nilikaa nyuma ya pazia la mlango nikatazama kwa upenyo. Walichota wali pembeni. Walikula kachumbari. Sinia la samaki lilipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kama mtoto anayenuka, mpaka likarudi mlangoni kama lilivyotoka.

Na shemeji, pale katikati, alikuwa anawaambia wenzake jambo fulani kuhusu nyuki.

Sikutoka nje. Eda yangu sikuivunja, asitafute mtu pa kunishika. Nilisema nikiwa palepale nyuma ya pazia, kwa sauti ya sokoni.

"Baba muuza kahawa, shikamoo!"

"Marahaba, mama," akajibu, hajui aelekeze wapi uso.

"Nina swali moja, na wewe ni mtu mzima, na hapa imetoka kusomwa Kurani. Ile Jumatatu aliyokufa mume wangu, shemeji yangu alikunywa kahawa kwako, hakunywa?"

"Mwanamke yuko edani anapayuka nini?" Shemeji akasimama. "Mtu amefiwa, amechanganyikiwa, jamani..."

"Sijakuuliza wewe. Wewe utajibu kwa Mungu. Baba, alikunywa, hakunywa?"

Muuza kahawa alishikilia deli lake kama vile ndilo lililoulizwa. Nikaona wale wa benchi wanatazama viatu. Hapo mtu angeweza kukaa kimya nami ningekuwa nimekwisha.

"Alikunywa," akasema. "Asubuhi, na kashata. Kisha akaondoka na ndoo. Tulimuuliza ndoo ya nini, akasema ubishi umekwisha leo. Ilikuwa ndoo ya bunju, jamani. Sie tulijua. Wote hapa tulijua."

Zilipigwa kelele siwezi kuziandika zote. Mmoja anasema "sema ulijua wewe", mwingine anaapa alidhani ni masihara, mjomba mkubwa anataka watu waketi. Shemeji hakukana. Alisema kitu ambacho nitazikwa nacho: "Wajapani wanamla kweli. Sikudanganya. Wanamla."

Muuza kahawa akaja mpaka kwenye sinia, akachukua changu mzima akamla amesimama, mbele ya watu wote, mpaka mfupa. Baada yake wengine wakajongea. Walikula kama watu wanaotaka waonekane wanakula. Sikuwashukuru. Yule mzee alikuwa na maneno yale tangu siku ya kwanza, akayatunza nami nanyanyapaliwa, akangoja kuulizwa. Ukweli wa kungoja kuulizwa siuheshimu.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu muda wote, upande wa wanawake. Nikageuka nikamwona ameshika ukuta. Nikamwambia, "Mama, umesikia. Huyu hafai kukanyaga hapa tena. Mwambie."

Alikwenda jikoni, akakuta samaki mmoja amebaki kwenye karai, akamchukua, akaketi kwenye kigoda changu akamla taratibu bila wali, anatoa miiba anaipanga kwenye ukingo wa karai. Wanawake wote wanamtazama. Alipomaliza akanawa, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Nimekula chako," akasema. "Mbele ya watu, wameona. Mkono wako msafi. Lakini mwanangu mmoja nimemzika, na yule pale ndiye aliyebaki. Usiniombe zaidi ya hapo."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikamwona kupitia dirishani anampeleka shemeji kwenye bajaji, amemshika mkono kama mgonjwa.

Sasa nakaanga kama zamani, na watu wananunua. Mama mkwe akija namsalimia kwa adabu, namtengea kigoda, namuulizia afya yake. Mwanawe simuulizii, na kupika kwa ajili yake sipiki. Huyo mama ana haki ya kumpenda aliyebaki. Mie sina aliyebaki.